Kisu chepesi cha kukunja: je, kinatosha kazi ya kila siku?

*"Fundi, pokea salamu kutoka Kakamega. Kazi yangu ni kupandikiza miche ya parachichi, na siku nyingi niko juu ya bodaboda nikizunguka mashamba ya Vihiga na Butere. Kaka yangu aliniletea kisu cha kukunja kutoka ng'ambo. Ni kizuri, lakini kina karibu gramu 180 na bapa lake lina unene wa milimita 4. Kimenitobolea suruali mbili, na siku hizi nakiacha nyumbani natumia wembe. Nataka kununua kile chepesi chenye mpini wa plastiki au mbao. Wenzangu wananicheka, wanasema hicho ni cha kuchezea, kitavunjika, tena kitanifungia vidole. Mama naye anaogopa nitashikwa na polisi. Je, kisu chepesi kinaiweza kazi kweli? Na nikinunua, niangalie nini?"*

Salamu zimefika, ndugu yangu. Jibu fupi ni ndiyo, kinaiweza. Kwa kazi yako ningekuchagulia chepesi hata kama bei zingekuwa sawa. Wenzako wamekosea kuhusu nguvu, ila kuhusu vidole wamegusa jambo la kweli linalohitaji maelezo. Na mama yako hajakosea kuuliza habari za polisi, nitalifikia hilo.

Tuanze na uzito. Panga hukata kwa uzito, kwa sababu unalirusha na ule uzito ndio unaopasua gogo. Kisu cha mfukoni hukirushi. Unakisukuma au unakivuta, na nguvu yote inatoka mkononi mwako, kwa hiyo uzito wa mpini hauongezi chochote kwenye mkato. Kinachoamua ni ukali wa makali yenyewe, na unene wa chuma kinachofuata nyuma ya makali hayo.

Hili la pili watu hulisahau, na wewe unaliona kila siku bila kulitambua. Chukua kikonyo cha parachichi, yaani kijiti cha kupandikizia, chenye unene wa penseli, ukikate mshazari kwa kisu cha kaka yako, halafu uutazame uso wa mkato kwenye mwanga. Utaona mawimbi madogo, na pembeni gome limeachana kidogo na mti. Sababu ni kwamba makali yanaingia vizuri mwanzoni, kisha unene wa bapa unaanza kutanua nyuzi kabla makali hayajazifikia, na mti unapasuka badala ya kukatika. Kata kingine kwa bapa la milimita 2 lililonolewa sawasawa: uso unatoka laini, unang'aa kwa utomvu, na lile tabaka la kijani chini ya gome linabaki zima pande zote. Tabaka hilo la kikonyo lisipokutana na la shina, kipandikizi kinakauka hata ukifunga utepe kwa ustadi gani. Nadhani ndiyo maana ulikimbilia wembe. Mkono wako ulijua kwamba unataka wembamba.

Kwa nini basi watu wanaamini kisu kinene ndicho imara? Kwa sababu kina uimara, ila wa kazi nyingine. Bapa likiwa nene mara mbili, linapinga kupindwa mara nane zaidi. Hiyo ni faida kubwa ukikitumia kisu kama mtaimbo, kung'oa misumari ya kreti au kufungua kifuniko cha rangi. Lakini kisu cha kukunja, kiwe kizito au chepesi, hakifai kazi hiyo hata siku moja, maana mzigo wote unaishia kwenye pini moja ndogo ambayo bapa linazungukia. Ukibeba gramu 180 ili uwe na uwezo wa kufanya jambo ambalo hupaswi kulifanya, umejitwika mzigo bure.

Na plastiki wanayoidharau wenzako si ile ya bakuli la nyumbani. Visu vyepesi vya watengenezaji wanaoaminika hutumia nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nyenzo ile ile inayotumika kwenye mwili wa drili za umeme. Huanguka kwenye saruji, hupigwa jua na mvua, na haipasuki. Benchmade wa Marekani wana kisu kiitwacho Bugout chenye mpini wa namna hiyo na bapa la zaidi kidogo ya sentimita 8, na chote kina karibu gramu 52. Mbao nazo zina historia ndefu. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na mpaka leo Opinel namba 8 ni mpini wa mbao, bapa la sentimita 8.5 na pini moja, karibu gramu 45. Wakulima wa kule wamefanya navyo kazi vizazi na vizazi. Waswisi wa Victorinox, walioanza mwaka 1884, wana visu vyenye maganda ya alumini ambavyo havifiki gramu 50 pamoja na kifungua kopo na bisibisi. Sikutajii majina haya ili ukavunje benki, nataka tu uone kwamba wepesi haukuanza jana na si dalili ya ubahili.

Sasa vidole. Hapa naomba usome polepole.

Unapokata vizuri, kitu unachokikata kinasukuma makali, na msukumo huo unaelekea upande wa kukifungua kisu zaidi. Bapa linakandamizwa dhidi ya kizuizi chake. Ukikata kamba ya manila kwa kuivuta juu ya makali, hata kisu kisicho na loki yoyote, yaani kile kishikizo kinachozuia bapa lisirudi, hakiwezi kukufungia. Hatari huja pale nguvu inapohamia mgongoni mwa bapa. Hilo hutokea kwa njia tatu: unapochoma kwa ncha, kwa mfano kutoboa jerikeni; unapozungusha bapa lililo ndani ya kitu; na unapochomoa bapa lililokwama kwenye mti huku ukilitikisa. Mara nyingi ni hiyo ya tatu. Mtu anakata kijiti kibichi, kisu kinakwama katikati, anakipinda juu na chini ili kitoke, nacho kinatoka kwa ghafla kikiwa kinajifunga, na kidole cha shahada ndicho kilicho njiani.

Utaona basi kwamba uzito haumo katika hesabu hiyo. Kisu kizito chenye loki mbovu kitakukata, na chepesi chenye loki nzuri kitakulinda. Kwa hiyo uliza aina ya loki.

Aina ya kwanza haina loki. Kuna springi mgongoni inayobana kitako cha bapa, na ukilisukuma kwa nguvu linajifunga. Visu vingi vya Victorinox vya mfukoni viko hivyo. Faida yake ni kwamba kisu kinakwambia ukweli: unajua hakina loki, kwa hiyo huchomi nacho. Aina ya pili ni pete ya chuma shingoni mwa mpini, ambayo unaizungusha kwa kidole baada ya kufungua. Opinel waliiongeza mwaka 1955, na mimi naipenda sana kwa sababu unaiona kwa macho, na vumbi likiingia unalipuliza. Kasoro yake ni moja, kwamba mtu mwenye haraka husahau kuizungusha. Aina ya tatu ni utepe wa chuma ndani ya mpini unaoruka na kukaa nyuma ya kitako cha bapa. Ukitengenezwa vizuri ni imara sana. Ukitengenezwa vibaya ndio mbaya kuliko zote, kwa maana unasikia "tak", unaamini umefunga, kumbe utepe umegusa ukingo tu. Udongo mwekundu ukiingia humo, hata utepe mzuri unaweza usifike mahali pake. Ya nne ni wenzo wa mgongoni unaoingia kwenye pengo la bapa. Ni imara pia, ila pengo hilo hupenda kukusanya nyuzi za mfuko na makapi, kwa hiyo lichokoe kwa kijiti mara kwa mara.

Ukikishika dukani, kifungue na ukifunge mara kadhaa, kisha shika mpini kwa pembeni ili kusiwe na kidole kwenye njia ya bapa. Kama kina loki, kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, kwanza polepole, halafu kwa nguvu ya mkono mzima. Usipigepige, kupiga kunaharibu hata loki nzima. Kikiteleza hata mara moja, kirudishe. Kisha lishike bapa kwa vidole viwili ulitikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana unavumilika na huweza kukazwa kama pini ni ya skrubu. Kama ni riveti na inacheza, achana nacho. Mwisho kifunge na ukitazame kutoka juu: bapa lilale katikati ya mpini, lisisugue upande.

Kutokana na hayo nina ushauri ambao wauzaji hawataupenda. Kama mfuko wako ni mdogo, usinunue kisu cha bei ya chini chenye loki ya utepe, hata kiwe na rangi nyeusi ya kutisha na jina kubwa lililochapwa kwenye bapa. Majina hayo huigwa sana. Bora kisu cha kawaida kisicho na loki, au cha pete. Chuma laini cha kisu cha bei nafuu hakinisumbui, kwa sababu kinabutuka haraka lakini pia kinanoleka haraka. Loki ya bei nafuu ndiyo inayonisumbua, maana hainoleki.

Pamoja na hayo, chepesi kina mipaka yake, na sitaki uvunjike moyo ukishanunua. Mpini mwembamba unauma kiganja ukisukuma kwa nguvu muda mrefu. Ukipunguza fito ngumu asubuhi nzima, mpini mnene ni raha zaidi, na kwa kazi hiyo kisu kisichokunjwa, kinachokaa kwenye ala, kinashinda vyote. Kumenya miwa rundo zima, kuchuna mbuzi, kukata matawi ya kahawa, hizo si kazi za mfukoni. Hakikisha pia vidole vinne vinaenea kwenye mpini. Vile vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, vya sentimita 6 hivi, ni vya kufungua bahasha. Na cha kaka yako usikitupe wala usikiuze, kiweke nyumbani kwa kazi nzito za shamba ambako hakuna mfuko wa kutoboa.

Kwa kupandikiza, kuna jambo ambalo hukuuliza na ni lazima niliseme. Kisu cha kupandikizia hunolewa upande mmoja tu, upande wa pili unabaki bapa kabisa, ndiyo maana mkato wake unatoka ulionyooka. Hicho kisikate kamba, mifuko ya plastiki wala ndizi yako ya saa nne. Kuna visu vya kukunja vya kazi hiyo, vyepesi vilevile. Ukibeba viwili vya gramu 45, kimoja cha vikonyo na kingine cha kila kitu, bado umebeba nusu ya mzigo wako wa sasa.

Sababu ya kuvitenganisha si makali peke yake. Kisu hubeba maradhi. Parachichi lina ugonjwa unaotia tunda michirizi ya manjano iliyobonyea, unaosababishwa na viroidi, kitu kidogo kuliko virusi, na kisu huuhamisha kutoka mti hadi mti. Spiriti unayopangusia haitoshi kuuua. Inabidi jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, uchovye bapa kila unapobadilisha mti wa kuchukulia vikonyo. Hapo ndipo aina ya chuma inapoingia. Chuma cha kaboni hunoleka vizuri ajabu, lakini jiki itakila kabla ya jioni. Kwa kazi yako chagua kisichoshika kutu, na hata hicho kisuuze kwa maji safi, ukikaushe, halafu utie tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, yanaganda na kunata. Ukichagua mpini wa mbao, jua pia kwamba mvua za masika zitaivimbisha mbao na bapa litakuwa zito kufunguka hadi mbao ikauke. Hilo si ubovu. Kipe siku moja mahali pakavu penye hewa, si juu ya jiko.

Migomba nayo ni hadithi nyingine. Mnyauko wa migomba umesumbua sana upande wenu wa magharibi, na visu na mapanga ndivyo vinavyousambaza. Wakulima wengi hupitisha panga kwenye moto, na ni sawa kwa panga. Usijaribu hivyo na kisu chako. Mpini wa nailoni utayeyuka, na makali membamba yatapoteza ugumu wake kabla hujahesabu kumi. Kwenye shamba la migomba, mwombe mwenyeji panga lake.

Joto hilohilo ndilo linaloua visu vingi kwa wanoaji. Naheshimu sana mafundi wanaozunguka na baiskeli yenye jiwe, na kwa panga na jembe ni kazi safi. Lakini jiwe kavu linalozunguka kwa kasi, au mbaya zaidi grainda, likigusa makali membamba, ncha inapata joto kwa kufumba na kufumbua. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya majani makavu kisha samawati, chuma kimefika karibu nyuzi 300 na ugumu umekwenda. Kuanzia hapo kitabutuka kila siku na utalaumu kiwanda.

Noa mwenyewe. Nunua msasa wa maji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, namba 400, 1000 na 2000, uulaze juu ya kipande cha kioo kinene na uulowanishe. Bapa la upana wa sentimita 2 linyanyue mgongo kama milimita 5 hadi 7 kutoka kwenye msasa, kisha livute ukitanguliza mgongo, makali yafuate nyuma, vinginevyo utachana karatasi. Endelea upande mmoja mpaka usikie kwa ncha ya kidole utepe mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, kotekote kuanzia kitako hadi ncha. Hapo ndipo ubadilishe upande. Watu wengi huacha kabla utepe huo haujatokea, na ndiyo sababu wanadhani hawajui kunoa. Maliza kwa kupangusa kwenye mshipi wa ngozi. Kile cha kupandikizia, upande bapa ulaze chote juu ya msasa laini, mara mbili tatu tu, kuondoa utepe.

Kuhusu polisi, nitasema ninachokifahamu kama mtu wa zana, na pale unapokuwa na shaka muulize wakili. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 308, inamhusu mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha amekusudia kutenda kosa kubwa, na kifungo chake ni miaka 7 hadi 15. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, nayo inakataza kubeba silaha mahali pa umma bila idhini au sababu ya msingi, na ni juu yako kuionyesha sababu hiyo. Sababu yako ipo, ni kazi. Ifanye ionekane: kisu kikae kwenye mfuko wa zana pamoja na utepe, mkasi na vikonyo, si kiunoni. Siku isiyo ya kazi kiache nyumbani, hasa ukienda mkutano wa siasa, mechi, baa, benki au mahakamani. Epuka visu vinavyofyatuka vyenyewe kwa kitufe. Kile unachokifungua kwa mikono miwili, polepole, hakimtishi askari wala mteja, na hapo tena chepesi cha mbao kimekushindia hoja. Ukisafiri kwa ndege kutoka Kisumu, kiende kwenye mzigo unaokabidhiwa, kisiwe mkononi.

Kisu kikianza kucheza au loki ikaanza kuteleza baada ya kukisafisha, usiendelee kubahatisha na video za simu. Kipeleke kwa fundi wa visu au wa kutengeneza cherehani, yeyote aliyezoea pini ndogo na springi, akitazame mkononi.

Na ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Kisha jaribu kukunja na kunyoosha kila kiungo cha kidole, na uguse ncha yake pande zote mbili. Kiungo kikikataa kukunjika, au upande mmoja ukiwa na ganzi, hata kama jeraha ni dogo na damu imekata, nenda hospitali siku hiyohiyo, hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kano au neva iliyokatwa hushonwa vizuri ikiwa mbichi, na ukingoja wiki kadhaa kano hujivuta na kazi inakuwa ngumu. Ukifika waambie umejikatia shambani na kisu kilikuwa na udongo, na uwakumbushe habari za chanjo ya pepopunda.